Kishikizo Kimoja, Asili Haijulikani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi ya leo. Nafungua daftari hili ili kuweka kumbukumbu za msimu mzima, kwa lugha inayoweza kusomwa na mtu yeyote, hata asiyenipenda. Mimi ni mtunza stoo wa karakana ya ushirika wetu, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Kiswahili cha barua nilijifundisha mwenyewe, kwa kunakili nyaraka za ofisi nilipokuwa tarishi. Mafundi huniita Bwana Yahusu, kwa sababu kila karatasi itokayo mkononi mwangu huanza kwa neno hilo. Sijawahi kuwakataza.

Kiangazi chote nimeshughulika na rejesta. Majina ya mitaani nimeyafuta kwa rula na wino mwekundu, na mahali pake nimeandika majina yenye heshima. Kwa mfano, palipoandikwa "spana malaya" sasa pameandikwa "kifungulio rekebifu". Lebo za makasha nimezibadilisha kwa mujibu wa rejesta. Kazi hii sikuagizwa na mtu.

Kamati itakagua vifaa vyote tarehe 16 Aprili. Kifaa cha mashine kikikosekana, anayewajibika ni aliyetia saini, na aliyetia saini ni mimi. Chumba ninachoishi nyuma ya stoo hufuatana na cheo. Kikienda kimoja, kinaenda na kingine.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa agizo la msimamizi, nimewakabidhi kikundi cha ushonaji, jengo la pili, vitu vyao vilivyokuwa stoo. Agizo lilitaja sindano, nyuzi, mikasi, "na vifungo kama vipo". Katika orodha yangu neno hilo la mwisho nimelisahihisha kuwa "vishikizo", kwa kuwa kifungo ni cha gerezani. Mpagazi alisoma lebo rafuni kwa sauti, nami nikatia alama mezani. Makasha manne.

Aliyepokea ni shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa washonaji. Alitia saini bila kusoma. Nilimweleza kuwa hiyo si desturi njema. Alijibu kwamba wakisubiri yeye amalize kusoma ninayoandika, wateja watavaa magunia.

Jumatano, 12 Machi

Pampu tatu zimeletwa kutoka mtaa wa chini, zote mihimili imelika. Mashine ndogo ya kuchongea chuma, ambayo mafundi huiita milingi, imevuliwa turubai.

Nimerudisha ombi la fundi wake, Bi Nukta. Aliomba "choki ya koleti". Rejesta haina kitu chenye jina hilo.

Alhamisi, 13 Machi

Ameomba tena choki ya koleti, safari hii kwa herufi kubwa. Nimerudisha tena. Nakiri hapa kwamba nilijua anachokitaka: ni kile kifaa cha urefu wa kiganja, chenye mkia wa koni unaoingia mashineni na mdomo unaobana kisu cha kukatia, pamoja na vipete vyake saba. Mimi nimekiandikisha kwa jina la Kishikizo. Lakini mwenye haja na kitu na ajifunze jina lake.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu asubuhi. Bi Nukta hakuleta ombi.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimepatwa na jambo.

Saa nne nilisikia milingi inanguruma. Nilisimama kidogo nikiusikiliza mlio ule, kwa kuwa mashine hiyo haiwezi kukata bila kishikizo, na kishikizo sijakitoa. Nilikwenda. Bi Nukta alikuwa ameinamia kazi, miwani usoni, akichonga mfereji kwenye mhimili wa pampu. Jina lake hilo amepewa kwa sababu sehemu moja ya mia ya milimita yeye huiita nukta, na humsikia siku nzima akijisemea, "punguza nukta mbili, punguza moja." Nilimuuliza anatumia kishikizo gani.

"Sogea, Bwana Yahusu, chuma kinaruka," alisema, wala hakuinua uso.

Nilisubiri hadi alipokwenda kunawa. Nilikitazama kifaa kile. Sicho. Chetu ni cheusi, kina nambari za kiwanda shingoni. Hiki ni cheupe, hakina nambari wala jina. Chetu hupokea vipete vya kubadilisha kulingana na unene wa kisu. Hiki mdomo wake wenyewe umepasuliwa mara nne, na nati moja inaufinya. Juu ya shingo kuna alama moja tu iliyogongwa: nukta.

Nilirudi stoo kwa mwendo wa kawaida, nisije nikaonekana. Rafu ya tatu, upande wa kushoto, mahali pa kasha la kishikizo, palikuwa patupu. Vumbi limeacha umbo la mstatili.

Nimekaa mbele ya mstatili huo mpaka saa ya kufunga.

Jumatano, 19 Machi

Kufuli la stoo halina mkwaruzo. Funguo ni mbili, moja ninayo, nyingine yuko nayo msimamizi. Nimeipekua stoo yote, rafu kwa rafu, pamoja na juu ya kenchi.

Hoja yangu ni hii. Mtu alikitaka kifaa, akanyimwa. Siku tano baadaye kifaa hakipo stoo, naye anafanya kazi kwa kifaa kingine ambacho hakuna anayekijua. Kilicho chema kimekwenda mahali. Kilichokuja ni cha kuziba pengo, ili siku ya ukaguzi kamati ione mashine ina kitu mdomoni na kupita. Na aliyefanya hivyo amethubutu kutia alama ya jina lake.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempa Bi Nukta barua. Yahusu: Asili ya Kifaa Kilichopo Mashineni. Nimemtaka atoe maelezo kwa maandishi ndani ya siku tatu. Aliipokea kwa vidole viwili, mikono yake ikiwa na oili, akaiweka juu ya kopo.

Ijumaa, 21 Machi

Jibu limekuja, nyuma ya barua yangu mwenyewe, kwa penseli: "Kimetoka kwenye lethi."

Ndiyo yote. Hakuna salamu wala hitimisho. Lethi ni mashine yetu kubwa ya kukerezea. Kama kifaa hiki kimetolewa kwenye lethi, basi na lethi nayo imeibiwa kitu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekagua lethi kwa rejesta, kifaa kwa kifaa. Hakikosekani hata kimoja. Kwa hiyo amesema uongo, tena wa maandishi.

Jumatatu, 24 Machi

Nilipita jengo la pili kumsalimu shemeji. Maji ya mtaa wa chini yamefika ngazi yao ya kwanza. Tulikunywa chai kati ya cherehani. Nilimweleza, bila kutaja jina, kwamba karakana ina mtu asiyeaminika. Aliniuliza kama mtu huyo ni mimi. Kisha akasema:

"Halafu shemeji, vishikizo ulivyotuletea ni vizito mno. Hilo koti lake nani atalivaa, garimoshi?"

Wenzake wakacheka. Sikulijibu neno hilo. Tangu enzi za uhai wa kaka yangu, shemeji amekuwa na utani usiokoma, na mtu mwenye mawazo hana nafasi ya utani.

Alhamisi, 27 Machi

Bi Nukta alikwenda kula. Nilikichomoa kifaa, nikakifunga kwa kitambaa, nikampelekea muuza vipuri wa barabara kuu, mtu ambaye ametumia miaka ishirini akitambua vyuma vya watu. Alikitoa kwenye kitambaa polepole, kama anayefungua kidonda. Alikipima mkia kwa kaliba, akapekua vitabu vyake vya viwanda, akajaribu koni nane za aina mbalimbali, moja baada ya nyingine. Nyingine nene, nyingine nyembamba, nyingine zinakaa kisha zinacheza.

"Kaka, hiki hakina kwao," alisema mwishowe. "Choki na koleti kwa pamoja, kitu kimoja. Kiwandani hawafanyi hivi. Ila mkia umelingana na mashine yenu kabisa. Huku mjini mashine hiyo mnayo nyinyi tu."

Nilimwomba anipe maneno hayo kwa maandishi. Aliandika juu ya risiti: *Hakijatoka kiwanda chochote.* Aliniuliza kimetengenezwa na nani, kwa kuwa ana kazi angependa kumpa. Nilimwambia suala hilo liko chini ya uchunguzi.

Kwa hiyo ni bandia. Mtu amekaa, akakipima chetu, akaunda mfano wake ili achukue chenyewe. Nimekirudisha kabla hajamaliza kula. Niligeuza mkia upande upande kidogo kabla haujaingia sawa, na aliporudi alisimama mbele ya mashine, akakitazama kifaa, kisha akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni. Alikilegeza, akakizungusha mpaka nukta ile ikaelekea juu, akakibana upya. Hakusema kitu. Mtu safi angeuliza.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeingiza kifaa kile katika rejesta, maana kila kilichomo karakana sharti kiingizwe. *Kishikizo, kimoja. Mtengenezaji: —. Asili: haijulikani.* Kisha nimeandika malalamiko kwa kamati, kurasa tano. Nadhani sijawahi kuandika vizuri kuliko hivyo. Aya ya tatu inabeba methali ya kikulacho. Nimeambatisha maelezo ya muuza vipuri na jibu la penseli.

Jumanne, 1 Aprili

Msimamizi amesoma, akashusha pumzi, akasema hana la kufanya kwa kuwa nimeshalipeleka kwa kamati. Bi Nukta ameambiwa akae nyumbani hadi kikao cha tarehe 16. Kama kamati itamwona na hatia, hatarudi, na karakana nyingine yenye milingi haipo. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mashine. Alipita mbele ya dirisha langu, nami nilikuwa nimeandaa la kujibu iwapo atanitukana. Alisema tu:

"Pampu ya kijani mhimili wake bado nukta sita. Asiguse mtu."

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Pampu tano zimepanga foleni. Fundi wa lethi alijaribu milingi, akavunja kisu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Pampu saba. Mafundi hawaniiti tena Bwana Yahusu. Hawaniiti kitu.

Alhamisi, 10 Aprili

Maji yamefika ngazi ya pili kwa washonaji. Shemeji alikuja dirishani kwangu, sketi imeshikwa mkononi, viatu mkono wa pili. Alisema amesikia ni mimi niliyeandika barua. Nilimweleza kwamba mali ya ushirika ni amana. Alisema kweli, na vitambaa vyao vilivyo sakafuni pia ni amana, na aliyekuwa akitengeneza pampu za kuwatolea maji ameketi nyumbani. Safari hii hapakuwa na utani. Nilitamani uwepo.

Jioni nimesoma upya malalamiko yangu. Lugha yake haina kasoro. Lakini nimegundua kwamba katika kurasa tano hakuna mahali nilipoandika kwamba aliniomba mara mbili.

Jumatatu, 14 Aprili

Muuza vipuri amempigia simu msimamizi, anamtaka yule aliyetengeneza kile kifaa. Msimamizi amenijia na swali ambalo limenisumbua siku nzima: mwizi gani anayejua kuunda kitu kizuri hivyo anahitaji kuiba? Nilimjibu kwamba ustadi si ushahidi wa uaminifu. Ni sentensi nzuri. Sikuweza kula.

Jumanne, 15 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi nilitoa koti langu kwa ajili ya kikao cha kesho, na kishikizo cha mbele kikakatika, kikaingia uvunguni, nikakikosa. Nilikwenda kwa shemeji. Walikuwa wamepanga mbao juu ya matofali, wakishona huku maji yanapita chini yao. Nilimwambia kwamba kishikizo cha koti langu kimekatika.

"Kifungo," alisema.

Nilimkumbusha kwamba kifungo ni cha gerezani.

"Haya, kishikizo," alisema, bila kuinua macho kwenye cherehani. "Kasha lile pale dirishani, ndilo ulilotuletea. Kachague kitakachokutosha. Sisi huwa tunakandamizia karatasi za mitindo, zisipeperuke."

Nilikwenda dirishani. Kasha ni la bati, rangi ya kijivu. Juu yake lebo nyeupe, mwandiko wa mkono wangu, herufi ya kwanza kubwa iliyopindwa kama nilivyojifundisha: *Vishikizo.* Nikafunua. Ndani mlikuwa na vipete saba vya chuma katika matundu yao. Cha nane, kizito, cheusi, chenye nambari za kiwanda shingoni, hakikuwemo kwa kuwa kilikuwa juu ya meza, kimekandamiza karatasi ya mtindo wa gauni la mtoto.

Shemeji alisimamisha cherehani. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia, shemeji. Ukakasirika."

Nilirudi nikatazama orodha ya tarehe 7 Machi. Agizo lilisema vifungo, kama vipo. Havikuwepo. Ni mimi niliyevifanya viwepo, kwa wino mwekundu. Mpagazi alisoma lebo, mimi nikatia alama. Alama zote ni zangu, na saini ya aliyetoa ni yangu.

Kisha nililichukua jibu la penseli. *Kimetoka kwenye lethi.* Nililisoma kama alivyoliandika. Hakusema kimeondolewa. Alisema kimetoka, kama mkate unavyotoka kwenye tanuri. Alikikereza. Alikuwa amenijibu siku ya pili, kwa maneno matatu yasiyo na kosa, nami nikamwandikia kurasa tano.

Methali yangu ya aya ya tatu imenigeukia: kilikuwa nguoni kweli.

Jambo hili ninalijua mimi na shemeji. Naye, niliponyanyua kasha, alisema atashona koti langu, na kwamba njia ya kwenda karakana naijua mwenyewe. Ningeweza kulirudisha rafuni, rafu ya tatu, upande wa kushoto, juu ya mstatili wa vumbi. Kesho kamati ingelikuta. Ningesimama niseme limepatikana. Neno "limepatikana" halimtaji mtu. Nimeandika barua maisha yangu yote, na najua vizuri kazi ya neno lisilomtaja mtu.

Jumatano, 16 Aprili

Kikao kilianza saa tatu. Mwenyekiti wa kamati, mama aliyestaafu ukarani wa posta, alinitaka nisome malalamiko. Bi Nukta aliketi kwenye benchi la ukutani, nguo za kutokea, mikono mapajani. Bila oili sikuwa nimewahi kuiona.

Nililiweka kasha mezani, lebo ikielekea kwao. Nilisema malalamiko yana makosa, na mkosaji ni mlalamikaji. Nikaeleza: jina nililolifuta, jina nililoliweka, orodha, mpagazi, dirisha la washonaji. Nikaeleza pia kwamba Bi Nukta aliniomba mara mbili na kwamba nilijua anachokiomba. Nikamaliza kwa sentensi fupi ambazo sikuzipanga.

Mwenyekiti alimgeukia Bi Nukta, akamuuliza kwa nini hakukata rufaa kwa msimamizi, akaona afadhali kuunda kifaa kizima.

"Mama, pampu zilikuwa zinangoja," alisema. "Nilichukua kipande cha mhimili uliokatika, nikakikereza saa za kula, siku tatu. Kuliko kumwandikia huyu ombi la tatu, niliona chuma ni laini."

Wajumbe walicheka, hata msimamizi. Mimi nilitazama kasha. Mwenyekiti aliuliza maana ya ile nukta. Alieleza kwamba ni ya kukumbuka upande; kifaa kikirudishwa nukta juu, kisu hakiyumbi. Jina lake hakulifikiria kabisa.

Uamuzi: Bi Nukta arudi kazini leo hii. Mimi nibaki stoo kwa muda wa majaribio, na ufunguo utundikwe msumarini, kila fundi achukue anachohitaji na kukiandika mwenyewe, kwa jina analolijua. Chumba nimeachiwa. Hukumu ya msumari ndiyo iliyoniuma.

Nilimfuata uani kumwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa aya. Alinizuia katika mstari wa kwanza.

"Sijakusamehe," alisema. "Nahitaji choki ya koleti. Pampu ya kijani."

Nilimpa zote mbili. Alichukua aliyoitengeneza.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Pampu mbili zimetoka.

Ijumaa, 25 Aprili

Maji yameshuka chini ya ngazi ya kwanza. Shemeji ameniletea koti. Kifungo alichokishona si cha rangi moja na vingine; amesema ndivyo nitakavyokumbuka.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya kumi bila mvua. Milingi imefunikwa turubai, na vifaa vyake vimerudi. Bi Nukta aliviweka dirishani, akachukua kalamu iliyotundikwa msumarini pamoja na ufunguo ili aandike. Nikamwomba ruhusa niandike mimi, yeye asome. Alisoma neno kwa neno, kidole juu ya karatasi, kisha akaenda kunawa.

Niliyoandika ni haya. *Choki za koleti: mbili. Moja, ya kiwandani. Moja, mtengenezaji: Bi Nukta. Asili: lethi yetu. Iwekwe nukta juu.*